Nilijibu "Ndiyo, Bwana," Mkunga Akaitwa Mwongo

Mpendwa Mama Kandida,

Shikamoo mama. Nimekwisha kuchana karatasi mbili, na hii nikiichana sitaandika tena, kwa hiyo nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, halafu ukasirike upendavyo maana nastahili. Majina ya watu nimeyabadilisha, na ukiona mahali ambapo tunaweza kutambulika tafadhali pafute kabla hujaitia gazetini.

Mimi ni karani wa baraza, Mmeru, umri wangu miaka ishirini na tisa, nimeoa kanisani na nyumbani pia, na mke wangu, nimwite Hanna, ni mtu wa vijiji vya juu kabisa, kule migomba inapoishia na msitu unapoanza. Mwishoni mwa mwaka jana Bwana mmoja, Mzungu anayemsaidia Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, alikuja barazani akasema anataka kupanga watumishi wa miaka mitano ijayo, yaani wakunga wangapi, madresa wa dispensari wangapi, walimu wangapi, na wawekwe wapi, kwa sababu watu wanaongezeka upande mmoja na upande mwingine vijana wanahamia mjini na kwenye mashamba ya Wazungu, na huwezi kugawa watumishi kwa kukisia, kwa hiyo sisi makarani tupite nyumba kwa nyumba tuandike watu wote, hasa watoto walio chini ya miaka sita, maana hao ndio waliohitaji mkunga jana na ndio watakaohitaji mwalimu kesho. Niliona maneno yale yana akili sana, na mpaka leo naona yana akili.

Mwezi wa kwanza mimi nikapewa vijiji vya juu kwa sababu eti ninavijua, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana kule juu mimi si karani, kule ni mkwe. Kila mama wa kule ni mama mkwe wangu au dada yake au shangazi wa mke wangu, na nikikutana na mmoja wao njiani nampisha mpaka naingia kwenye mibuni, sasa mtu kama huyo nitasimamaje mlangoni pake na kalamu nimuulize amezaa wangapi? Na wewe mama, ingawa u Mchaga, desturi yetu unaijua kwa kuwa inafanana na yenu, kwamba mzazi anakaa ndani miezi mitatu akilishwa mtori na maziwa, na mwanamume wa nje haulizi nani yumo, na mtoto hahesabiwi, maana kumhesabu mtoto kwa kidole kama mbuzi ni kumwitia shari. Ongeza na hili, wazee wetu wakisikia Mzungu anataka hesabu wanakumbuka ardhi ya tambarare iliyochukuliwa juzi juzi tu, wanasema, "Hata kule walianza na kalamu."

Baba mkwe wangu, nimwite Mzee Sumari, ndiye mshili, yaani mzee anayesimamia ukoo wao kule. Alinipokea vizuri, akaniketisha, akanipa kibuyu cha maziwa, nilipomweleza kazi iliyonileta akasema, "Mwanangu, usiwasumbue mama zako. Andika unaowaona." Nami nikaandika niliowaona. Waliokuwa wakicheza uani niliwaandika, waliofungiwa jikoni na waliobebwa mgongoni wakapitishwa nyuma ya migomba sikuwaandika, ingawa nilisikia vilio vyao kwa masikio yangu, na kwa siku nne kazi ikawa imekwisha, nyumba mia moja na arobaini, watoto wadogo tisini na sita. Nikaipiga taipu safi, nikapiga mistari kwa rula, na Bwana akainyanyua mbele ya makarani wenzangu akasema hivi ndivyo kazi inavyofanywa.

Mama, kuna jambo sijamwambia mtu. Hanna alikuwa amekwenda kujifungulia kwao kwa sababu mama yangu mzazi ni marehemu, na siku ile nilipokuwa nikinywa maziwa kwa Mzee Sumari, binti yangu wa kwanza alikuwa na wiki tano, yuko chumba cha pili na mama yake, ukuta mmoja tu kati yetu, na mimi baba yake sikumwandika.

Sasa mwezi uliopita likakaa baraza la kuutazama mpango. Mkunga wa dispensari ya juu, nimwite Tabea, alikuja na daftari lake linaloonyesha kwamba kwa miaka mitatu amezalisha watoto mia moja themanini na saba, na Bwana akaliweka daftari lile kando ya karatasi yangu, akatazama huku, akatazama huku, akasema, "Ama watoto hawa wamekufa, ama hawakuzaliwa." Tabea akasimama akasema, "Waliokufa ni kumi na mmoja, Bwana, na wamo humo nimewaandika. Waliobaki wapo. Nawajua kwa majina, na mama zao nawajua." Bwana akanigeukia mimi, akauliza, "Karani, hesabu yako ni ya kweli?"

Mama Kandida, nikajibu, "Ndiyo, Bwana."

Mzee Sumari alikuwa benchi la mbele, akainamisha kichwa akaitazama fimbo yake. Basi ikasemwa kwamba watoto wa juu ni wachache, nafasi ya mkunga ifutwe kule na ihamishiwe vijiji vipya vya tambarare, na Tabea achunguzwe kwa kuandika uzazi wa uongo ili alinde kazi yake, na baraza la Alhamisi ya tatu ya mwezi wa saba litaupitisha mpango, ukishapita ndio huo miaka mitano. Kutoka kule juu mpaka hospitali ya misheni ni saa tatu kwa miguu, na wakati wa masika, ukiwa na mgonjwa kwenye machela, usiniulize. Tulipotoka nje nilijua Tabea atanitukana, na kweli nilitamani anitukane, lakini alifunga kitambaa chake vizuri akaniuliza tu, "Karani, mtoto hajambo? Ameshaota jino?" Ni yeye aliyempokea alipozaliwa.

Tangu siku hiyo sili nikashiba. Nikisema kweli namvua nguo baba mkwe wangu, mshili mzima, mbele ya watu, na mimi mwenyewe nitakuwa karani mwongo, nami nimeandikiwa kwenda masomo ya ukarani mwezi wa tisa na karani mkuu wetu Solomoni anastaafu mwakani, na kila mtu anajua ni nani anayetazamiwa kukaa kwenye kiti chake. Nikinyamaza, Tabea ameharibikiwa na kule juu hakuna mkunga. Rafiki yangu mmoja ananiambia nitulie, mipango ya serikali hubadilika, lakini mimi siombi kutulizwa. Nataka kuitengeneza, mama, ila sijui pa kuanzia. Nishike mkono.

Mwanao mwenye haya,
Karani wa Mlimani


MAMA KANDIDA ANAJIBU

Karani wa Mlimani, marahaba.

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na sasa nakasirika kama ulivyoniruhusu. Jina la kijiji nimelifuta.

Adabu yako mwanangu ni nzuri, lakini umeiweka mahali pabaya. Uliona haya kumuuliza mama mkwe amezaa wangapi, lakini hukuona haya kumwacha binti yake azalie njiani, kwenye matope, hospitali ikiwa bado saa mbili mbele. Ulimpisha njiani mpaka ukaingia kwenye mibuni, halafu ukamwondolea mkunga. Hiyo ni heshima gani? Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe umeficha uchi wa kijiji kizima.

Hata hivyo sitakulaza kitandani nikuchape kwa kosa la mwezi wa kwanza. Kosa lile si lako peke yako. Waliokutuma walijua unatoka wapi na umeoa wapi, wakafikiri kumjua mtu ni sawa na kuweza kumuuliza. Wangemtuma karani wa ukoo mwingine pamoja na mama mmoja mtu mzima, habari ingekuwa nyingine. Na Mzee Sumari hakusema uongo, alificha watoto kama baba yake alivyoficha, na kwa yaliyowapata watu wenu kwenye ile ardhi, nani wa kumlaumu? Mpaka hapo nakusamehe.

Kosa lako ni "Ndiyo, Bwana." Hapo hapakuwa na mama mkwe, hapakuwa na mzazi aliye ndani. Alisimama mwanamke mmoja anasema kweli, nawe ukamzamisha kwa maneno mawili. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe hukujikwaa, uliteremka kwa miguu yako mwenyewe. Aibu hiyo ni yako, ibebe, na usimtwishe mzee wa watu.

Sasa nisikilize, maana yule rafiki yako anayekuambia mipango hubadilika hajawahi kukaa upande ninaokaa mimi. Kabla sijaanza kuandika gazetini nilifundisha shule miaka kumi na minane. Mwaka mmoja tulipewa mwalimu mmoja na darasa moja, kwa sababu karatasi ilisema watoto wa kuanza ni arobaini. Asubuhi ile walikuja tisini na watatu, wameogeshwa, wamepakwa mafuta, wengine wameshikwa mkono na bibi zao. Nikachukua arobaini na tano, nikawabana watatu watatu, waliobaki nikawarudisha mimi mwenyewe mlangoni. Karatasi ile iliandikwa miaka sita nyuma na mtu kama wewe, mwenye mistari iliyonyooka. Mmoja wa wale niliowarudisha leo anauza maparachichi hapa mtaani kwetu Ngarenaro, mama wa watoto wanne, na kila akiniona anacheka ananiita "Mwalimu." Sikumfundisha hata herufi moja.

Kwa hiyo usidhani unagombania nafasi ya mkunga peke yake. Watoto wale uliowasikia wakilia jikoni watafika mlangoni kwa mwalimu baada ya miaka sita, na mwalimu atakuwa hayupo, kwa kuwa karatasi yako ilimwambia Bwana kwamba hawapo. Watakua, watataka shamba, watataka kazi mjini, watazaa. Kila mahali watafika kama wageni wasiotarajiwa. Mpango ni kitu kizuri, ulisema kweli, lakini una macho ya yule aliyetumwa kutazama, na aliyetumwa ni wewe.

Unaniuliza pa kuanzia. Anza kwa Tabea, na uende leo, usingoje Jumapili. Usibebe zawadi yoyote, asije akafikiri unamnunua. Mwambie, "Nilidanganya, na nitasema hivyo mbele ya watu walewale." Akikufungia mlango, mwambie mlango. Akikufungulia, mwombe akuazime daftari lake, na mwombe pia afuatane na wanawake nitakaokutajia.

Pili, Mzee Sumari. Hapa sikuambii uende mwenyewe, maana mkwe hamwambii baba mkwe neno kama hilo uso kwa uso. Lakini ulipooa, si ulikuwa na mshenga? Yuko wapi? Mnadhani kazi ya mshenga huisha mkishakula nyama ya harusi! Mwite, mpe jani la isale, apande nalo mlimani kwa mzee. Kwetu Kilimanjaro mtu akiletewa isale haruhusiwi kuendelea kukasirika, na ninyi Wameru jani hilo mnalo pia, msijifanye hamlijui. Mshenga amwambie mzee mambo mawili. La kwanza, mkweo amekosa na atasimama kulikiri kosa lake, bila kutaja jina lako. La pili, mzee, mkunga anaondoka, na binti zako wataendelea kuzaa. Halafu anyamaze. Mzee aliyeweza kuitazama fimbo yake siku ile ana moyo unaomsuta, naye huenda anangoja mtu wa kumfungulia njia. Akikataa je? Akikataa, wewe utasimama vilevile.

Tatu, hesabu yenyewe. Nakushangaa, karani mzima! Desturi inakataza kumhesabu mtoto. Je, inakataza kumtaja jina? Mchungaji wenu anapobatiza huita majina mbele ya kanisa zima, na sijasikia mtoto aliyepatwa na shari kwa kuitwa jina lake. Basi usiulize wangapi. Andika majina. Na usiandike wewe, kaa mbali kabisa. Mwombe mama mkwe wako, kwa kinywa cha Hanna, apite na Tabea na mama wawili wa kanisani, waingie mpaka chumba cha ndani, wale mtori na wazazi, na kila mama ataje jina la mwanawe mwenyewe, pamoja na la baba yake na mahali anapolala. Mwanamke hamfichi mtoto wake kwa mwanamke aliyemzalisha. Majina yakiisha, hakuna mtu aliyehesabiwa. Bwana akitaka kujua ni mangapi, aihesabu karatasi.

Naam, na kabla ya hayo yote mwambie Hanna. Unamlisha mke wako wasiwasi kila jioni halafu unadhani unamhurumia. Yeye ndiye aliyekuwa chumba cha pili, na mwanawe ndiye aliyeachwa. Atalia, pengine atakununia siku tatu. Siku ya nne atapanda kwa mama yake, na utaona kazi inavyokwenda.

Usiende kwa Bwana faraghani kumnong'oneza. Watu wa namna yako hupenda sana kunong'ona. Tabea aliitwa mwongo mbele ya watu, kwa hiyo atasafishwa mbele ya watu, benchi kwa benchi. Alhamisi hiyo, mpango utakaposomwa na kabla haujapitishwa, omba ruhusa, simama, useme, "Nilipoulizwa kama hesabu yangu ni ya kweli nilijibu ndiyo. Si kweli. Daftari la mkunga ndilo la kweli, na haya hapa majina." Basi. Usijitetee na usilie, wala usisimulie habari za maziwa na kibuyu. Na usiombe watu wa tambarare wanyang'anywe mkunga ili wa juu wapate, kwa maana na wao wana watoto na wanamhitaji kama ninyi. Omba wakunga wawili. Omba na mwalimu wa ziada wa mwaka wa sita kutoka sasa, uonyeshe kwenye karatasi watoto atakaowafundisha. Bwana aliyesifu mistari yako atakasirika, mwache akasirike. Kama ni mtu wa kupanga kweli, atakushukuru kesho yake, na kama si mtu wa kupanga kweli, sifa zake zilikuwa za nini?

Utauliza kuhusu masomo yako ya mwezi wa tisa. Sikudanganyi, yanaweza kuota mbawa. Kiti cha Solomoni nacho kinaweza kukaliwa na mwingine. Yakiota mbawa utaumia, nami nitakuhurumia kwa dhati, kwa kuwa naona una akili na baraza linakuhitaji. Lakini ungekikaliaje kiti kile, kila siku unapanga watumishi wa watu, na kila mkunga mpya akiingia na daftari lake unainamisha macho? Afadhali ubaki karani mdogo anayeaminiwa anapotaja namba.

Una wiki mbili kutoka siku gazeti hili linapofika mikononi mwako. Zinatosha kama utaanza leo.

Na neno la mwisho. Baraza hukaa wazi kwa kila mtu, na basi la asubuhi kutoka mjini hupita karibu na hapo. Nimekwisha kumwambia jirani yangu anitazamie nyumba. Nitakaa benchi la nyuma pamoja na wanawake watakaoteremka kutoka juu, nikiwa na kitambaa cheusi kichwani, na sitamuuliza mtu yeyote karani ni yupi. Sikujui sura, mwanangu. Nitakujua utakaposimama.

Mama Kandida